Mlio wa Tatu

Gari la kupeleka watu gereza la Buluo lilikuwa liondoke saa kumi alasiri, na jina la Sephora Kyungu lilikuwa kwenye orodha. Inspekta Gaston Mwepu aliliona mwenyewe pale ofisini, la nne toka juu, limekwisha kupigwa muhuri. Saa mbili na nusu asubuhi ya Ijumaa hiyo alikuwa tayari kwenye machimbo ya Tumbwe, nyuma ya Kakontwe, viatu vyake vimegeuka vyeupe kwa vumbi la chokaa.

Kwenye karatasi, kesi ilikuwa imekwisha. Jumatano, karibu saa sita mchana, umeme ulikatika. Constantin Mutombo, mtu wa miaka kumi na mitatu kazini pale Tumbwe, alibonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha, akajilaza chini ya mkanda unaobeba mawe kwenda kwenye mashine ya kusaga, akaanza kuchokoa mawe yaliyokwama. Umeme ukarudi. Mkanda ukaondoka wenyewe, hakuna aliyegusa kitu. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufa.

Mkanda ule uliongozwa na kadi ndogo iliyo ndani ya kisanduku cha chuma ukutani. Wiki tatu kabla, Sephora, fundi wa kompyuta wa karakana moja mjini Likasi, alikuwa ameweka hapo kadi mpya yenye programu aliyoiandika upya. Alhamisi mtaalamu aliletwa kutoka Lubumbashi. Alifungua kisanduku, akaisoma kadi, akaandika mstari mmoja: kadi ni ile ya Sephora Kyungu. Kisha akakifunga kisanduku kwa lakiri na kurudi kwao. Mama substitut, mwendesha mashtaka aliyeshika faili, hakutaka zaidi. Kadi yake, kosa lake.

Gaston naye hakuwa na la kubisha, ila jambo moja. Kabla ya kushika kalamu ya polisi alishika spana miaka sita, akitengeneza pampu. Alijua kwamba mashine iliyofanya kazi vizuri wiki tatu haiamki siku moja na kuua mtu bila mkono wa mtu kupita hapo katikati.

Germain Kasongo, shefu wa uzalishaji, alimkuta kwenye geti. Mtu mnene, kofia ya plastiki, simu mbili mkononi.

“Inspekta, weye tena? Minye nilizania ile mambo imeisha.”

“Itaisha leo. Nipeleke kwenye ofisi yako.”

“Ofisi? Muntu alikufa kule chini, weye unatafuta nini mu ofisi?”

“Kivuli,” alisema Gaston. “Jua ni kali.”

Ofisi ilikuwa chumba cha mabati chenye meza, feni isiyozunguka, na ukuta mzima wa rafu. Gaston aliitambua rafu ile kabla ya kukaa. Kila mwenye mashine Likasi anayo. Fundi akibadilisha kipande, lazima kile kizee akirudishe mkononi kwa mwenye mashine, hata kama kimevunjika vipande kumi. Asipokirudisha, watasema hakubadilisha kitu, au amekwenda kukiuza. Gaston mwenyewe alikuwa amerudisha beringi zilizochakaa mpaka zikawa kama pete, na wenye pampu wakazipanga kama vikombe vya ushindi.

Vya Germain vilipangwa vizuri: beringi, mikanda iliyokatika, swichi zilizoungua, kila kimoja na karatasi ya tarehe. Vyote vilivaa vumbi jeupe nene kama unga. Mwisho wa rafu palikuwa na bahasha ya kaki. Juu yake pameandikwa kwa kalamu nzito: kadi ya zamani, mkanda namba mbili. Juu ya mdomo wa bahasha palikuwa na sahihi mbili, ya Sephora na ya Germain, ili ikifunguliwa ijulikane. Ilikuwa imefunguliwa. Sahihi zote mbili zilikuwa zimepasuka katikati. Na bahasha, peke yake kwenye rafu nzima, haikuwa na vumbi.

“Nani alifungua hii?”

“Minye.” Germain hakusita. “Nilitaka kuona kama kadi iko ndani kweli. Hawa bafundi ya leo, anaweza kukutilia kipande ya karto ndani, anakuambia asante shefu, anaenda.”

“Lini ulifungua?”

“Siku ile ile aliileta.”

“Wiki tatu.”

“Kama unahesabu, njo wiki tatu.”

Gaston aliandika. Kisha aliandika karatasi ya pili, ya kupokea kielelezo, akampa Germain asaini, akatia bahasha kwenye mkoba wake.

“Ile ni kipande ya zamani, inspekta. Ya kutupa.”

“Basi hutaililia,” alisema Gaston.

Nje ya uzio, hatua thelathini kutoka kwenye mkanda, mama Emérance alikuwa akikaanga mikate ya mafuta. Alikuwa amekaa mahali hapo hapo Jumatano, lakini jina lake halikuwamo kwenye faili. Polisi wa kwanza kufika hawakumwuliza kitu. Walinunua mikate tu.

“Yambo, mama.”

“Yambo, papa. Unataka ya moto ao ile imepoa?”

“Ya moto. Mama, Jumatano ulisikia nini?”

“Nilisikia kile kila muntu alisikia. Sirene, kisha makelele.”

“Sirene ililia mara ngapi?”

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa ana vidole vingapi. “Tatu.”

“Una hakika?”

“Papa, minye sina saa. Saa yangu njo ile sirene. Umeme ikikatika, batoto ya kazi banakuya hapa kula. Ikirudi, sirene inalia. Ya kwanza, banatafuna. Ya pili, banameza. Ya tatu, banakimbia. Miaka yote ni vile.” Aligeuza mikate kwenye mafuta. “Kisha ikawa mbili. Nilisumbuka! Banakimbia na mukate mu kinywa, mwingine akapaliwa hapa hapa, tukamupiga mugongo.”

Gaston aliacha kutafuna. “Ikawa mbili lini?”

“Juma tatu imepita, ao karibu tatu. Tangu yule mutoto mwanamuke wa makompyuta alikuya. Kisha Siku ya Pili, Jumanne hii, ikarudi tatu. Nilicheka, nikasema: sirene imepona.”

“Na Jumatano ilikuwa tatu.”

“Tatu. Constantin nilimuwekea mikate mbili ndani ya karatasi. Nilikuwa namungojea. Ya tatu ikaisha, mukanda ikaanza, kisha bakalia.” Alichukua upawa, akaendelea na kazi. “Nilikula ile mikate minye mwenyewe. Ilikuwa ya nini kuitupa?”

Gaston aliandika yote, akamsomea, akapata alama ya kidole gumba. Akiwa njiani kurudi mjini juu ya pikipiki, alijipa hesabu aliyoweza: sirene ya mara tatu, kisha mbili, kisha tatu. Mashine inayosahau hesabu yake ni mashine mbovu, na ubovu wa kadi ni ubovu wa aliyeiandika. Kama angekwenda moja kwa moja kwa substitut wakati ule, ushahidi wa mama Emérance ungekuwa msumari mwingine kwenye sanduku la Sephora.

Alipita kwanza kwenye kasho, mahabusu ya polisi.

Sephora alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao, viatu bila kamba, kwa kuwa kamba zinachukuliwa mlangoni. Miaka ishirini na minane. Alisimama alipomwona.

“Kaa,” alisema Gaston. “Pale Tumbwe, sirene inalia mara ngapi?”

“Mara mbili, papa inspekta.”

“Kila siku?”

“Kila siku. Haiwezi kulia tatu. Kule kwenye kadi yangu hakuna tatu.”

“Mbele, kabla ya kadi yako, ilikuwa tatu.”

“Mbele, ndiyo. Mbele kila mahali palikuwa na yake.”

Gaston alivuta kiti. “Minye nilitoka shule mapema. Nieleze kama unamweleza muntu wa pampu.”

Alieleza. Kila mashine ambayo karakana yao iliihudumia ilikuwa na kadi, na ndani ya kila kadi mlikuwa na kiini, ile programu ya chini kabisa inayoamka kabla ya nyingine zote na kuziamrisha. Kiini kilikuwa kimoja, lakini vibao vya umeme vilikuwa vya aina tatu: vya Kambove, vya Tumbwe, na vya pampu za mjini. Kwa hiyo mafundi waliomtangulia walinakili. Sehemu inayosema umeme ukirudi fanya hivi, waliiandika kwa kibao cha kwanza, wakaichukua vile vile wakaibandika kwa cha pili, kisha cha tatu, kila mmoja akibadilisha kidogo alipoona inafaa.

“Karibu kila mustari ni ule ule,” alisema Sephora. “Lakini si ule ule. Pale Tumbwe, fundi wa zamani aliweka sirene tatu kwa sababu bantu ya kule walizoea tatu. Kambove ni mbili. Na kuna kintu ingine.”

“Sema.”

“Miaka ine imepita, Kambove, mukanda uliondoka peke yake umeme uliporudi. Ulipasua shati ya muntu, hakufa. Bakatafuta, bakaona kosa: ukibonyeza kitufe chekundu, kiini kinakumbuka. Umeme ikikatika, kinasahau. Umeme ikirudi, kinazania hakuna aliyebonyeza, kinaondoa mukanda. Bakatengeneza.” Aliinua kidole kimoja. “Mu nakala ya Kambove. Ile moja tu. Hakuna aliyekumbuka kwamba kosa hilo hilo lilinakiliwa pia Tumbwe na mjini.”

Gaston alitikisa kichwa. Hilo alilifahamu vizuri kuliko alivyotaka. Vituo vya polisi alivyopitia vilikuwa na agizo moja la zamani juu ya kushika watu, limenakiliwa kwa mkono kila kituo. Agizo liliporekebishwa, karani wa kituo kimoja alikata mstari na kuandika mpya. Vituo vingine viliendelea kushika watu kwa mstari wa zamani miaka miwili, na kila mkubwa wa kituo aliapa kwamba anafuata agizo.

“Kwa hiyo weye ulifanya nini?”

“Niliondoa nakala zote tatu. Nikaandika moja ya wote. Kila kibao nikakiachia yake tu: waya wa sirene uko wapi, waya wa kitufe uko wapi. Mengine yote ni ya pamoja. Ukitengeneza kosa mara moja, limetengenezwa kote. Umeme ikirudi, mashine inabaki kimya. Mpaka muntu ashuke, atazame chini ya mukanda, abonyeze kitufe cha kuanzisha. Njo sirene inalia, mbili, njo mukanda unaenda.”

“Germain alipenda?”

“Aliniita mara tatu kulalamika. Pale umeme inakatika mara saba, mara nane kwa siku. Kila mara muntu anashuka ngazi. Aliniambia: mama, kadi yako ni mvivu.”

“Wafanyakazi walijua?”

“Niliwakusanya bote. Nikawaambia, na hii kadi, bila mukono wa muntu, mukanda hauondoke. Constantin aliuliza, ‘Hata umeme ikirudi?’ Nikamujibu, hata umeme ikirudi.”

Gaston hakuandika hilo mara moja. Kisha aliandika.

“Ile kadi ya zamani ulimpa Germain.”

“Papa, weye unajua desturi. Nisingemupa, angesema nimeiba.”

Saa nane mchana Gaston alikuwa Tumbwe tena, pamoja na polisi wawili na fundi umeme wa machimbo. Alimwita Germain mezani kwake mwenyewe, akafungua daftari la PV, la kuandikia maelezo.

“Nafunga faili, shefu. Nataka maneno yako mazuri, moja moja, kisha unasaini. Jumatano ulikuwa wapi?”

“Pale juu, kwenye ngazi. Naona kila kitu.”

“Tangu siku ya kuwekwa kadi mpya, kuna muntu aliyeigusa?”

“Hakuna. Ufunguo wa kisanduku niko nao minye.”

“Ufunguo mmoja?”

“Mmoja.”

“Umeme ukarudi. Kisha?”

“Sirene ikalia.”

“Ikalia vizuri? Wasije wakasema hamkumwonya.”

“Vizuri sana!” Germain aliinua vidole. “Mara tatu, kama kawaida. Muntu mwenye masikio angetoka. Andika hiyo, inspekta, ni ya lazima. Tulimuonya mara tatu.”

“Mara tatu,” alisema Gaston, akiandika polepole. Alimsomea yote tangu mwanzo. Germain alitia sahihi kubwa yenye mkia.

“Sasa twende tusikie.”

“Tusikie nini?”

“Kama kawaida.”

Mbele ya polisi wawili Gaston alivunja lakiri ya kisanduku, akaandika saa na dakika. Kadi ilikuwa ile ile aliyoisoma mtaalamu. Polisi mmoja alisimama kila upande wa mkanda. Chini yake hapakuwa na mtu, Gaston aliinama akahakikisha mara mbili. Kisha alimwambia fundi akate umeme wote, ahesabu hadi kumi, arudishe.

Umeme ulirudi. Taa ya kisanduku ikawaka. Mkanda haukutikisika. Walisimama dakika nzima, wakisikia mafuta ya mama Emérance yakichemka ng’ambo ya uzio.

“Bonyeza cha kuanzisha,” alisema Gaston.

Fundi alibonyeza. King’ora kililia mara moja. Kikalia mara ya pili. Mkanda ukaanza kwenda.

“Hesabu, shefu.”

Germain aliitazama simu yake.

“Uliniambia hakuna aliyegusa kadi,” alisema Gaston. “Uliniambia ufunguo ni mmoja. Uliniambia ililia mara tatu. Mama wa mikate naye anasema tatu. Nawaamini nyote. Lakini hii kadi haijui tatu. Simamisha, fundi.”

Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki.

“Hapana, inspekta. Ile ni ya zamani, inaweza kuharibu mashine.”

“Iliharibu nini Jumatano?”

Aliichomeka kwa mkono wake, mkono wa mtu wa pampu, bila kuuliza upande gani. “Kata umeme. Kumi. Rudisha.”

Hakuna aliyebonyeza kitu. King’ora kililia. Ng’ambo ya uzio mama Emérance alisimama wima, upawa mkononi. Kikalia mara ya pili.

“Zima,” alisema Germain.

Fundi alimtazama Gaston. Gaston alikuwa akiutazama mkanda.

“Zima! Zima hii kintu!”

Kililia mara ya tatu. Mkanda ukaondoka wenyewe, mtupu, ukapita juu ya mahali ambapo chokaa ilikuwa bado na rangi tofauti na kwingine.

Gaston ndiye aliyekata umeme. Germain alikuwa amekaa chini, juu ya jiwe, kofia magotini.

“Lori za saruji zilikuwa kwenye foleni,” alisema. “Siku ya Kwanza, Jumatatu, umeme ilikatika mara saba. Mara saba natuma muntu ngazini. Nikasema, wacha nirudishe ile mzee kwa siku mbili tu. Ilifanya kazi miaka tisa, haikuua hata kuku.”

“Na Jumatano, kabla ya polisi kufika, ukaitia tena ile mpya?”

“Mulichelewa,” alisema Germain. “Mulichelewa dakika arobaini.”

“Uliwaambia watu kwamba umerudisha ya zamani?”

Germain aliipangusa kofia yake vumbi, upande mmoja, kisha mwingine. “Walisikia sirene,” alisema. “Walijua kuhesabu.”

“Constantin alikuwa amekwisha kujilaza ilipoanza kulia,” alisema Gaston. “Aliingia kwa neno la yule binti. Andika,” akamwambia polisi, kwa kuwa mkono wake mwenyewe ulikuwa na grisi.

Saa tisa na nusu alikuwa mbele ya substitut. Mama yule alisoma PV mbili, akaziweka sambamba, akarudia ile yenye sahihi ya mkia. “Alisaini mwenyewe hii tatu?”

“Anajivunia, mama.”

Alichukua kalamu, akakata jina la nne kwenye orodha, akaandika pembeni. La Germain hakuliandika leo, lina karatasi zake na siku zake. Saa kumi na dakika tano gari liliondoka kwenda Buluo na watu watatu.

Sephora alirudishiwa kamba za viatu mlangoni. Alizifunga akiwa amechutama barabarani, polepole, huku Gaston akimweleza kwa maneno machache. Hakucheka wala hakushukuru. Alipomaliza kiatu cha pili aliuliza, “Ile kadi iko wapi sasa?”

“Kwangu. Kielelezo namba tano.”

“Nilifuta nakala tatu,” alisema. “Nilizihesabu, nikasema zimeisha. Kumbe ya ine nilimupa muntu mu mukono, na sahihi yangu juu.”

“Ni desturi.”

“Mjini kuna pampu sita, papa. Kambove kuna mikanda miwili.” Alisimama. “Kila moja nilirudisha kipande ya zamani. Iko kwenye rafu ya muntu.”

Gaston alitazama saa. Ijumaa, saa kumi na robo. Ofisi za pampu zilifungwa saa kumi na moja.

“Unajua kukaa kwenye pikipiki?” aliuliza, na kumpa kofia.